Kikapu Kilichorudi Kitupu

Ngoma za Kibondo ziliingia uani saa nne asubuhi, na Shadia alijua kabla ya kugeuka kwamba Hatungimana amekuja nazo. Alikuwa ameinama akiwatandikia mikeka akina mama wa Titye waliokuja kusuka. Akajifanya hakusikia kitu, akaendelea kunyoosha mkeka ambao ulikuwa umenyooka tayari. Mwanamke aliyekosa usingizi wiki tatu kwa ajili ya mtu mmoja hataki aonekane anamkimbilia, hata kama miguu yenyewe imeshaanza safari.

Wiki tatu nzima, jamani. Simu alikuwa hapokei, na ujumbe anausoma asijibu. Mtu ambaye kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi alikuwa akimpigia kumuuliza kesho atavaa rangi gani, ili naye afunge kitambaa cha rangi hiyo kichwani wakati wa kupiga ngoma, alinyamaza siku moja bila ugomvi wala kuaga. Shadia alijichunguza kwa kila alilosema na alilotenda, akakosa pa kushika.

Jumba la Sanaa la Kasulu zamani lilikuwa ghala la kahawa la ushirika, na watu wa mjini mpaka leo huliita Ghalani. Lilipopakwa chokaa na kutundikwa picha, wazee walicheka sana, wakauliza ni nani atakayeacha shamba lake aje kukodolea macho ukuta. Lakini ilipoanzishwa Jumamosi ya Ua, kila mwisho wa mwezi, hao hao wazee ndio waliowahi viti vya mbele. Siku hiyo milango yote ilikuwa wazi na hakuna kiingilio. Wasusi walisuka, watoto wa shule walichora kwa udongo mwekundu na mweupe, bibi mmoja wa Kitanga alisimulia hadithi kwa Kiha mpaka watu wakasahau chakula, na mchana ngoma zilipigwa. Mwenye kuyapanga yote hayo alikuwa Shadia, binti wa Mzee Mudathiri mwenye duka la vitambaa, na Kasulu nzima ilimsifu kwa mpangilio wake. Kila kitu kwake kilikuwa na mahali pake, na namba yake.

Mwaka mmoja nyuma Hatungimana alikuja hapo akiwa na gogo la mringaringa mgongoni mwa pikipiki, ameitwa achonge ngoma mbele ya watu. Shadia alimwekea kibao cha "Tafadhali Usiguse." Yule kijana akakisoma taratibu, akamtazama Shadia, akakisoma tena.

"Dada," alimwambia, "ngoma isiyoguswa ni gogo."

Shadia alikiondoa kibao. Kuanzia hapo hakikurudi, na moyo wake pia haukurudi. Mapenzi ni kikohozi, na Kasulu ni mji mdogo. Kabla ya mvua za vuli habari zilikuwa zimeshafika dukani kwa baba yake.

Sasa huyo huyo Hatungimana alishusha ngoma saba kutoka kwenye gari, moja moja, akazipanga nusu duara chini ya ukuta. Aliwasalimia akina mama wa Titye. Alimwamkia Mzee Stanislaus, msimamizi wa jumba. Alipofika aliposimama Shadia, macho yake yalimpita kana kwamba yeye ni nguzo ya banda.

Hilo Shadia hakuliweza. Alimfuata mpaka nyuma ya stoo, mahali pa kufungia kamba za ngoma, palipokuwa na kivuli na kuku wa mlinzi wakiparura vumbi.

"Umenichunia wiki tatu," alimwambia. "Leo umenipita kama hunijui. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea." Hatungimana alikuwa akikaza kamba, hakuinua uso. "Mtu akikataa hajakosa. Amekataa tu."

"Nimekataa nini?"

Mikono yake ilisimama juu ya kamba. Ndipo alipomtazama, na Shadia akaona kwamba macho yale yalikuwa yamechoka sana, si macho ya mtu mwenye hasira.

"Shadia, tafadhali. Sema umekataa, nitasikia. Mimi ni mtu mzima. Usinifanye nianze kukueleza ulichokifanya wewe mwenyewe."

"Nieleze," Shadia alisema. "Wallahi sijui."

Hatungimana aliweka kamba chini. Kisha akauliza swali ambalo Shadia hakulitegemea kabisa. Alimuuliza kama alikifungua kile kikapu cha mama yake.

Kikapu hicho Shadia alikikumbuka vizuri. Kuanzia Novemba jumba liliandaa maonyesho ya Vitu vya Nyumbani, ambapo kila kaya iliombwa kuazima kitu kimoja ilichokuja nacho katika nchi hii ya milima. Watu walileta mashoka, vinu, picha za harusi, hata mlango mzima. Hatungimana alileta kikapu kidogo chenye mfuniko mrefu uliochongoka, kile wanachokiita kwao agaseke, kilichosukwa kwa ustadi hata akina mama wa Titye wakakizunguka mara tatu. Alisema mama yake, Immakulata, ameagiza kikabidhiwe Shadia mkononi, si mtu mwingine. Shadia alifurahi kwamba anaaminiwa. Akakipokea, akakiandikia fomu, kikawa kitu namba ishirini na saba.

"Nilikifungua," alijibu. "Kilikuwa na ulezi ndani. Kama konzi mbili."

"Uliufanya nini?"

Shadia aligeuka nyuma. Kwenye mlango wa stoo, hatua tatu tu kutoka waliposimama, palikuwa na karatasi aliyoibandika yeye mwenyewe kwa mkono wake: nafaka na mbegu haziingii ndani, kwa sababu ya fukusi. Fukusi mmoja aliweza kumaliza mikeka na vikapu vyote vya jumba kwa msimu mmoja. Hilo ndilo alilofundishwa kwenye semina, na hilo ndilo alilolifuata.

"Niliwamwagia kuku," alisema.

Hatungimana alifumba macho. Kuku wa mlinzi walikuwa pale pale miguuni pao, wanene, hawana habari.

"Na maonyesho yalipoisha ukakirudisha."

"Nilikirudisha kwa gari la jumba. Nilikisafisha kwa brashi, nikakifunga kwa karatasi laini. Hakuna hata uzi uliokatika, Hatungi. Niliandika kwenye fomu kwamba kimerudi salama."

"Mama alikuwa amemwita baba mdogo na mkewe," alisema Hatungimana, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma barua ya msiba. "Aliwaita waje wasikie jibu. Alipika. Dereva alipokileta, mama alikifungua mbele yao wote. Akatia mkono ndani, hakukuta kitu. Akageuza karatasi, akamwomba baba mdogo amsomee. Imeandikwa: kimerudishwa kikiwa safi na kitupu."

Hakulia, lakini ilimbidi ageuke kidogo aitazame miti.

Akamweleza yote. Mwaka wa sabini na mbili bibi yake, akikimbia mauaji ya kwao, alivuka mpaka na kuingilia Nyabibuye akiwa na mtoto mgongoni na kikapu hicho mkononi. Mtoto ndiye Immakulata, na ndani ya kikapu mlikuwa na mbegu ya ulezi. Hakuchukua kingine, maana hakukuwa na wakati. Ulezi ule ulipandwa mwaka wa kwanza wa ugeni, ukavunwa, ukapandwa tena, na haujakatika mwaka hata mmoja tangu siku hiyo. Kwao, mama mwenye mtoto wa kiume akimpenda msichana hamwambii neno. Humpelekea kikapu chenye mbegu. Msichana akitaka huchukua mbegu, akarudisha kikapu na chochote ndani yake, hata chumvi. Asipotaka hukirudisha kitupu, na watu hubaki na heshima zao bila kugombana.

"Mbona hukuniambia?" Shadia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mama alinikataza. Alisema msichana akifundishwa jibu, basi jibu si lake. Nami sikuona haja ya kukufundisha. Wewe mwenyewe ulinihadithia habari za marehemu bibi yako, Bi Kudra, na sahani zake za mwezi wa Ramadhani. Kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Nikasema huyu anajua, hawa ni wamoja na sisi."

Hapo ndipo maneno yalipomwingia Shadia mpaka mfupani. Kwani ni kweli alijua. Angekuwa hajui, angejitetea. Tangu akiwa na umri wa miaka mitano yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kurudisha sahani za majirani, na bibi yake alikuwa akimsimamisha mlangoni kukagua kama ametia kitu, japo ndimu mbili. Kikapu kile kingeletwa nyumbani kwao asingethubutu kukirudisha kitupu. Lakini kililetwa Ghalani, akakiona kwa jicho la Ghalani.

Alimwomba Hatungimana asiseme chochote kwa mama yake kwa niaba yake. Alisema atakwenda Kibondo mwenyewe.

"Nitamwambia hukujua, hilo siwezi kumficha. Lakini kukupokea sikuahidi," alijibu Hatungimana. "Na akikupokea, bado kuna baba yako. Aliniambia nikitaka kukuoa nisilimu, nikamwomba muda. Shadia, dini si shati, kwamba navua hili navaa lile kwa sababu kuna harusi. Nafikiri kila siku. Sijapata jibu."

"Sijakuuliza jibu hilo leo."

"Najua. Ndiyo maana nakupenda," alisema, akabeba kamba zake akaenda.

Mchana ngoma zilipigwa na watu walipanda hata juu ya ukuta kutazama. Mzee Stanislaus alimpongeza Shadia kwamba Jumamosi hii imefana kuliko zote. Shadia aliitikia asante. Hatungimana alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani, rangi ambayo hakuna aliyemchagulia.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, Shadia aliketi mbele ya wazazi wake akawaeleza. Hakuficha kitu, hata kuku aliwataja. Mama yake, Bi Zaitun, alishika tama. Mzee Mudathiri alisikiliza mpaka mwisho huku akizungusha tasbihi, kwani hakuwa mtu wa kumkata mwingine kauli, na wateja wake walimpenda kwa hilo.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "huoni kwamba Mungu ametuepusha? Mimi sina neno na watu wale. Wananunua kwangu miaka thelathini, hawajanidhulumu, nami sijawadhulumu. Yule kijana ana adabu. Lakini dini ni dini. Nilikuwa silali nikiwaza nitamkatalia vipi bila kumuumiza. Sasa wamejikatalia wenyewe. Hakuna aliyetukanwa. Liache liishe hivyo."

Lilikuwa neno la baba mwenye huruma, na ndiyo maana lilimuuma Shadia zaidi ya neno la ukali. Aliona jinsi lilivyokuwa jepesi. Angenyamaza tu, mambo yangejimaliza yenyewe. Mwaka ungepita, angetokea mtu wa Ujiji au wa Tabora mwenye duka lake, angeolewa, na yule mama wa Kibondo angebaki akijua kwamba binti wa Mudathiri alipelekewa mbegu yake akawalisha kuku.

"Baba, hawakujikatalia," alisema. "Mimi ndiye niliyewakatalia, na sikukusudia. Nikinyamaza nitakuwa nimekusudia."

"Na ukienda, utamwambia nini? Kwamba unamtaka mwanawe?"

"Nitamwambia nimekosa. Mengine siyajui."

Mzee Mudathiri alitazama kabati la vyombo lililoegemea ukuta. Juu yake, peke yake, ilisimama sahani ya kauri yenye ukingo wa maua ya buluu. Mama yake mzazi alitoka nayo Pangani akiwa bibi harusi, akapanda nayo garimoshi mpaka Kigoma na lori mpaka Kasulu, na hapo zilikuwa sahani sita. Tano zilivunjika kwa miaka. Hiyo moja haikutumika tena tangu Bi Kudra afariki.

Shadia alifuata macho ya baba yake. "Bibi angekuwa hai," alisema polepole, "jirani amemrudishia sahani yake imeoshwa, haina kitu, na karatasi ya sahihi juu yake, angefanya nini?"

Baba yake alizungusha punje tatu za tasbihi.

"Angelia," alisema. Kisha akaongeza, "Sikutumi, wala sikuzuii."

Akainuka akatoka. Shadia alibaki amekaa mpaka Bi Zaitun alipofungua kabati, akaishusha ile sahani kwa mikono miwili na kuiweka mezani, kisha akaenda kuroweka mchele.

Jumatatu asubuhi Shadia alishuka Kibondo akiwa na furushi la khanga mapajani, ambalo hakuliweka chini njia nzima. Ndani yake mlikuwa na mkate wa kumimina, bado una joto kidogo, juu ya sahani ya Bi Kudra.

Nyumba ya Immakulata ilikuwa nje kidogo ya mji, na mbele yake palikuwa na shamba la ulezi mchanga, kijani, unaofika kwenye vifundo vya miguu. Mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu alikuwa akipalilia. Alimwona mgeni, hilo halina shaka. Lakini hakuacha jembe. Alimaliza mstari aliokuwa ameuanza, akang'oa na majani ya pembeni, akajifuta mikono kwenye kitenge, ndipo akaja. Shadia muda wote huo alikuwa amesimama kwenye jua, na hakuona ubaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa ya Hatungimana matupu. "Wewe ni Shadia wa Kasulu."

"Ndiyo, mama. Nimekuja kukuomba radhi. Mbegu yako niliimwaga. Niliwapa kuku."

Alikuwa amejiandalia maneno mengi ndani ya basi, ya semina, ya fukusi, ya utaratibu wa jumba. Yote yalimkimbia, akabaki na hayo machache.

"Nimeambiwa," alisema Immakulata. "Mwanangu aliniambia hukujua. Nikamwambia, asiyejua huuliza."

"Sikuuliza."

"Kwa nini?"

Shadia alifikiri, kwa sababu mama huyu alistahili jibu la kweli. "Kwa sababu nilikitazama kikapu chako nikaona kitu cha kuandika namba. Sikukiona kama kitu cha mtu. Na kwetu pia chombo hakirudi kitupu, mama. Nimelelewa hivyo. Nilijua, na bado nilikirudisha."

Immakulata aliinama akang'oa gugu moja. Mbali, upande wa karakana ya Hatungimana, kulisikika tezo likichonga mti, kisha likaacha kusikika.

"Wengine wangesema hawakujua, wakaishia hapo," alisema. "Umebeba nini?"

Shadia alipiga magoti, akafungua khanga, akamnyooshea sahani kwa mikono miwili. Immakulata hakuipokea mara moja. Aliyatazama maua ya buluu, akapitisha kidole kwenye ukingo mahali palipomeguka.

"Hiki ni cha zamani."

"Cha bibi yangu. Alikuja nacho kutoka Pangani. Zilikuwa sita, imebaki hii."

"Alikuja ugenini na sahani sita." Immakulata alisema hivyo kama anayepima uzito wa kitu. "Mama yangu alikuja na kikapu, na mimi. Tulikuwa watoto watatu, nikabaki mimi."

Hakuongeza zaidi, na Shadia hakuuliza. Safari hii alijua kwamba si kila jambo ni la kuuliza.

Waliingia ndani. Immakulata alimega mkate, akampa Shadia kipande cha kwanza, akala cha pili yeye mwenyewe, akitafuna polepole. Akasema ni mtamu, una iliki. Kisha akaenda chumbani, akarudi na kikapu namba ishirini na saba. Bado kilikuwa na alama ndogo ya karatasi chini, mahali Shadia alipobandika ile namba, na kuiona kulimfanya ainamishe uso. Immakulata alifungua mfuniko mrefu, akauhamishia mkate wote ndani ya kikapu, vipande vyote, akafunika.

"Baba yako anataka mwanangu aache kanisa," alisema akiwa bado ameshika mfuniko.

"Ndiyo, mama."

"Mimi sitaki."

"Najua."

"Yeye hataki ninalolitaka, nami sitaki analolitaka. Na mwanangu yuko katikati, hali, halali, anachonga ngoma ambazo hakuna aliyeziagiza." Alivuta pumzi. "Sina dawa yake, mwana wanje, mwanangu. Sitakudanganya kwamba ninayo. Labda hamtaoana. Lakini sikutaka mwisho wake uwe ule wa dereva na karatasi."

Hapo ndipo Shadia alipolia, kimya kimya. Immakulata hakumkataza, wala hakumbembeleza. Alimsubiri tu, kama alivyokuwa amesubiriwa yeye amalize mstari wake shambani.

Ulipofika wakati wa basi, Shadia aliaga, akanyoosha mkono aichukue sahani aifunge kwenye khanga. Immakulata aliivuta kwake.

"Hii huirudishi leo."

"Mama, ni ya marehemu bibi. Ni ya mwisho."

"Ndiyo maana. Kwenye ghala langu hakuna kitu. Mbegu yote iko pale nje, umeiona, nimeshaipanda. Siwezi kukupa sahani tupu, nawe unajua kwa nini." Aliipandisha rafuni, kando ya picha ya Bikira Maria, akairudisha nyuma kidogo isije ikaanguka. "Tukivuna, itarudi. Mvua ikikubali. Nitaileta mwenyewe, kwa mikono yangu, mpaka mlangoni kwa baba yako. Atanifungulia au hatanifungulia, hilo ni lake."

Nje, Hatungimana alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, vumbi la mti limemjaa mikononi. Hakusogea, na Shadia hakumwendea, kwa kuwa mama alikuwa akiwatazama, na siku hiyo ilikuwa ya mama. Walitazamana tu kupita juu ya ule ulezi mchanga, mpaka Shadia akageuka kushika njia. Khanga ilikuwa nyepesi mkononi na alijisikia kama mtu aliyesahau kitu.

Nyumbani walikuwa wamemaliza chakula cha jioni. Mzee Mudathiri aliitazama khanga iliyokunjwa, akamtazama binti yake.

"Sahani ya mama yangu iko wapi?"

"Nimeiacha Kibondo, baba. Amesema hawezi kuirudisha tupu. Ataileta mwenyewe baada ya mavuno."

Alitegemea ghadhabu, au angalau maswali. Baba yake alikaa akikokotoa miezi kichwani, Machi, Aprili, Mei, midomo ikicheza kidogo. Bi Zaitun, ambaye hakupenda kuona pengo katika kabati lake, alileta sahani nyingine ya maua, mpya, akanyanyuka aiweke juu mahali pale palipobaki wazi.

"Paache," alisema Mzee Mudathiri.

"Patakusanya vumbi, baba Shadia."

"Futa vumbi, lakini paache. Sahani ikirudi itakaa wapi?"